Abiria Wote Wameshuka

Mwamgongo,
Jumatatu, 5 Februari 2024

Dada Ritha,

Shikamoo. Natumaini mko wazima huko Kibirizi, wewe na watoto. Mimi ni mzima, ila kuna jambo linanikera. Mtandao wa hapa mpaka nipande kilimani, kwa hiyo nimeona nikuandikie kwa mkono, na barua nimempa nahodha Bariki aiweke kwenye mfuko wake wa nailoni pamoja na karatasi za boti.

Tangu ofisi watuletee hivi vishikwambi, wewe unaandikisha abiria wanakopandia na mimi nawabonyeza wanakoshukia. Kazi nyepesi, walisema. Sasa niambie, mbona kila siku kuna mtu mmoja wa ziada? Leo kishikwambi kimesema ishirini na saba. Nimehesabu vichwa, nikarudia, nikapata ishirini na sita. Jina linalobaki ni lile lile: Thobias. Hana jina la pili wala namba ya simu. Nahodha anasema hajawahi kumbeba mtu huyo.

Nisipombonyeza "ameshuka", safari haifungi, na isipofungwa ya leo, ya kesho haifunguki. Basi kila siku namshusha mtu nisiyemwona. Moyo wangu haupendi kabisa. Huyu ni nani?

Mdogo wako,
Nikodemu


Kibirizi,
Jumatano, 7 Februari 2024

Mdogo wangu Niko,

Marahaba. Nimecheka mpaka wanawake wa dagaa wakaniuliza nimepata posa au vipi.

Thobias si mtu. Siku ile ya mafunzo, wewe ulipokuwa mgonjwa, fundi Alphonce alitaka kutuonyesha namna ya kuandikisha abiria, akaandika jina la kwanza lililomjia kichwani. Alipotaka kulifuta likagoma. Akasema atalishughulikia akirudi ofisini, na toka hapo simu yangu hapokei.

Na kabla hujanilaumu, njoo siku moja usimame hapa. Jina moja linanichukua dakika tatu. Nabonyeza herufi, inakaa inafikiri. Watu thelathini wamenizunguka, jua la saa sita, nahodha anapiga kelele. Alphonce mwenyewe ndiye aliyenipa njia ya mkato: nafungua orodha ya jana, naongeza wapya, nafuta wasiosafiri. Na kufuta nako ni shughuli, kiduara kinazunguka wee mpaka unasahau ulikuwa unamfuta nani. Kwa hiyo ukikuta nimeacha jina la mtu wa jana, wewe mshushe tu, yaishe.

Kizuri cha mashine hii ni kimoja, ile meseji inayokwenda kwa ndugu: "Abiria wako amefika salama." Watu wanaipenda hiyo, wanaonyeshana.

Kula vizuri. Nasikia umekonda.

Dada yako,
Ritha


Mwamgongo,
Jumanne, 20 Februari 2024

Dada Ritha,

Shikamoo. Jumamosi niligoma. Nilijisemea, mimi si mwongo, sitamshusha mtu asiyekuwepo. Nikawabonyeza wote, nikamwacha Thobias.

Jumatatu asubuhi nahodha akakataa kung'oa nanga. Alisema akikutwa huko mbele na safari isiyofungwa atanyang'anywa leseni. Na siku hiyo ndani ya boti alikuwemo mama mwenye uchungu, anapelekwa hospitali Kigoma, amelala kwenye mkeka, anamshika mama yake kanga. Watu wote wakanigeukia. Nikapanda kilima mbio, nikambonyeza Thobias. Yule mama alijifungulia njiani, boti ikiwa inapita kwenye msitu. Wako wazima wote wawili, namshukuru Mungu, lakini nimeapa sitagoma tena.

Ila Dada, mambo haya yanakua. Abiria wameshalijua hilo jina. Mtu akitaka kukaa mbele kabisa, juu ya magunia, anaambiwa hapo ni pa Thobias. Mwanzoni ilikuwa utani. Siku hizi kina mama hawapakalii kweli, hata boti ikijaa wanabanana huku nyuma. Jana bibi mmoja aliposhuka aligeuka, akapaamkia pale mbele kwa Kiha, kwa adabu zote: "Mwakeye." Nikatazama. Magunia matupu.

Mwambie Alphonce alifute hilo jina. Naogopa, nakuambia ukweli.

Nikodemu


Kibirizi,
Ijumaa, 8 Machi 2024, saa sita na robo

Niko,

Haraka haraka, boti inaondoka. Uwaambie hao waoga wako kwamba leo Thobias amepata mgeni. Fundi mmoja wa kuunda mitumbwi kutoka Ujiji, anaitwa Leonardi, ameenda kukaa pale pale mbele. Wanawake wamempigia kelele, yeye anacheka tu, anasema mbao za boti anazijua kuliko mashetani. Mpokee vizuri, nimempenda. Anakuja kwenu kutengeneza mtumbwi wa mtu.

Mawingu ya huko kwenu siyapendi leo.

Ritha


Mwamgongo,
Jumamosi, 9 Machi 2024

Dada Ritha,

Shikamoo. Boti ilifika imelowa chapachapa. Mvua iliwapata kwenye msitu, wakajifunika turubai wote mpaka hapa, hakuna aliyekuwa anamwona mwenzake. Walishuka wanakimbia kila mtu na njia yake.

Fundi wako sikumwona. Labda alipitia upande wa mawe.

Abiria wote wameshuka. Mimi sijalala vizuri.

Nikodemu


Ujiji,
Jumatano, 27 Machi 2024

Kwa Ndugu karani wa boti, Mwamgongo,

Salaam nyingi. Hunijui. Jina langu ni Marcelina, mke wa Leonardi, fundi wa mitumbwi. Namba yako sina, nikaona nimpe nahodha barua hii, nawe naomba uisome ukiwa peke yako.

Mume wangu aliondoka tarehe 8 kuja huko kwa kazi ya siku nne. Simu yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo kwenye boti aliandikisha namba yangu. Saa kumi kasoro dakika ishirini nikapata ujumbe: Leonardi amefika salama Mwamgongo. Nikafurahi, nikaendelea na kazi zangu.

Kesho yake, saa ile ile, ujumbe mwingine: amefika salama Mwamgongo. Nikadhani ni makosa. Jumatatu tena. Jumanne tena. Ndugu yangu, ni siku kumi na sita sasa, kila siku ya boti, amefika salama, amefika salama. Mume wangu anafika tu. Harudi.

Majirani wamenieleza maana yake, na mimi nimeielewa. Kama kila mchana anapanda boti Kibirizi, basi kila usiku analala huku mjini, na kwangu hafiki. Wanasema ana mwanamke.

Wiki iliyopita nilikwenda Kibirizi nikasimama ufukweni nimwone kwa macho yangu. Niliwatazama wote walivyopanda, mmoja mmoja, wachuuzi, wanafunzi, mzee mmoja na mbuzi wake. Leonardi hakuwemo. Nikamwuliza karani dada yule, akanionyesha kwenye mashine: jina la mume wangu lipo. Boti ikaondoka nikiitazama. Nilikuwa bado nipo pale pale Kibirizi nanunua dagaa, simu ikalia kwenye mkoba. Amefika salama.

Tangu siku hiyo naogopa simu yangu. Nikiona inakaribia saa kumi naiweka chini ya mto, na bado naisikia.

Wewe ndiye unayempokea kila siku. Nakuomba uniambie tu, amekonda? Amevaa shati gani? Anazungumza na watu? Pasaka ni Jumapili hii. Mwambie nimesamehe, aje tule naye, mama yake yuko hapa kwangu anamwuliza.

Ni mimi,
Marcelina


Mwamgongo,
Alhamisi, 28 Machi 2024

Dada Ritha,

Leo sina salamu ndefu, unisamehe. Nimepata barua ya mke wa yule fundi. Nakuuliza jambo moja na unijibu kwa boti ya kesho: Leonardi anasafiri kila siku?

Mimi sijawahi kumwona huyo mtu. Hata siku moja. Nilidhani ni jina la mchuuzi ulilosahau, namshusha pamoja na Thobias bila hata kusoma. Kila siku nawashusha wawili.

Nikodemu


Kibirizi,
Jumamosi, 30 Machi 2024

Mdogo wangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu jana nilishindwa kushika kalamu.

Hasafiri. Alisafiri siku moja tu, ile ya mvua. Kesho yake nilifungua orodha kama kawaida, nikataka kumfuta, kiduara kikazunguka, nahodha akapiga kelele, nikamwacha. Kesho yake tena nikamwacha. Mwisho nikamzoea. Jina lake lilikuwa linanipita machoni kama vile chapa kwenye gunia.

Yule mama nilimwona aliposimama hapa. Alisimama saa nzima, hana hata mwavuli. Aliponiuliza nikamwonyesha jina, maana jina lilikuwepo kweli, kisha nikainamisha kichwa nikajifanya naandika. Nilijua sijamwandikisha mtu yeyote wa jina hilo siku hiyo. Nilijua, Niko.

Leo nimemfuta. Imechukua dakika kumi na moja na watu wamenitukana, lakini nimemfuta. Meseji hazitaenda tena. Yule mama atadhani mumewe amekwenda zake Burundi au Kongo kama wanaume wengine wanavyokwenda, atalia, atapoa. Nakupigia magoti, tuyaache hapo. Mimi nina watoto wanne na mume sina. Wakiuliza ofisini watasema mashine ni nzima, karani ndiye mbovu. Hizi barua zangu zichome.

Wala hatujui, labda alishuka kweli. Wewe si ulisema labda alipitia upande wa mawe?

Ritha


Ujiji,
Alhamisi, 4 Aprili 2024

Ndugu karani,

Salaam. Hukunijibu, na sikulaumu, labda barua haikufika. Naandika tena kwa sababu jambo limebadilika.

Jumamosi, mkesha wa Pasaka, ujumbe haukuja. Nilikaa na simu mkononi mpaka jua likazama. Jumatatu haukuja. Jana haukuja. Mimi niliyekuwa naukimbia, sasa nauomba.

Shemeji zangu wamekodi mtumbwi. Tangu Jumanne wanazunguka ziwa kutoka Kibirizi kwenda juu, wanauliza kila mwalo wa wavuvi kuhusu mtu aliyepotea Jumamosi. Kila mtu anawaambia Jumamosi ziwa lilikuwa shwari, hakuna kilichotokea. Wamechoka, na mafuta yamekwisha, lakini mama yao hataki warudi. Anasema mwanangu amefika salama siku kumi na nane, iweje ya kumi na tisa asifike.

Nakuuliza wewe uliyemwona mwisho. Jumamosi ile amepatwa na nini?

Marcelina


Mwamgongo,
Ijumaa, 5 Aprili 2024

Mama Marcelina,

Shikamoo. Jina langu ni Nikodemu. Barua zako zote mbili zilifika. Ya kwanza sikuijibu kwa woga.

Waambie shemeji zako wasitafute mtu wa Jumamosi. Jumamosi hakutokea jambo. Mume wako sijawahi kumwona, hata siku moja. Ujumbe wote ule uliokuwa unakufikia niliutuma mimi. Hapa nina kishikwambi, na karibu na kila jina nabonyeza "ameshuka", kisha mashine inaandika kwa ndugu kwamba amefika. Majina mengine huwa ni ya watu wasiokuwepo, yamebaki tu kwenye orodha. Tulizoea kuyabonyeza ili boti ya kesho iweze kuondoka. Jina la mume wako lilibaki hivyo tangu tarehe 8 Machi. Karani wa Kibirizi ana la kwake la kusema, na nimemwandikia kwamba mimi nasema langu.

Siku ile ya tarehe 8 alipanda kweli. Alikaa mbele kabisa, peke yake, mahali ambapo wengine wanapaogopa kwa ajili ya upuuzi mmoja wa jina uliotokana na mashine hii hii. Kama saa nane, wakipita kwenye msitu, mvua ikaja, wakavuta turubai, na yeye alikuwa nje ya turubai. Walipofika hapa nilihesabu watu ishirini na watano. Orodha ilikuwa na ishirini na saba. Nilikuwa nimesimama chini ya bati la mzani wa samaki, kioo kimelowa, kidole hakishiki. Nikasema mmoja ni yule wa siku zote, na mwingine ni jina la jana. Nikabonyeza wote, nikapanda kilimani kwenye mtandao. Yakatokea yale maandishi ya kijani: Abiria wote wameshuka.

Sasa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu wa Kibirizi.

Jioni ile, mvua ilipokata, kama saa kumi na mbili, walikuja wavuvi wawili wa hapa, Meshack na Feliksi. Walikuwa wametoka kwenda kuvua wakarudi njiani. Nyuso zao hazikuwa nzuri. Waliniuliza kama kuna mtu wangu amepungua. Walisema upande wa msitu, mbali na mawe, wamesikia sauti majini. Walipokata mashine na kusogea wakaogopa, kwa sababu hadithi ya yule abiria asiyeonekana wanaijua, wakasimama kwa mbali. Nadhani aliona wanaogopa. Feliksi anasema sauti iliacha kuita msaada, ikawa inasema, "Ni mtu, jamani. Mimi ni mtu."

Hawakumsogelea. Walikuja kwangu kwanza kuhakikisha. Mimi sikwenda hata kuwauliza wale abiria majumbani mwao. Niliwasha kishikwambi, nikawageuzia kioo. Meshack hajui sana kusoma lakini ile rangi ya kijani anaijua. Akasema, basi ni yule. Wakapandisha mtumbwi mchangani, hawakuvua siku hiyo. Nami nikaenda kula.

Sisemi haya unisamehe. Nasema kwa sababu shemeji zako wanatafuta siku isiyo yake.

Nikodemu


Ujiji,
Jumatano, 10 Aprili 2024

Nikodemu,

Barua yako nilishindwa kuimaliza. Shemeji yangu mkubwa aliisoma kwa sauti mbele ya watu, na alipofika pale kwa wavuvi mama yao akamwambia arudie. Akarudia mara tatu.

Mume wangu alizaliwa kwenye maji haya. Alikuwa anaweza kuogelea kutoka asubuhi mpaka jioni, na kumbe siku ile aliogelea mpaka jioni. Kutoka saa nane mpaka saa kumi na mbili. Mimi saa hizo nilikuwa nimeshapata ujumbe wako, nachambua mchele, naimba.

Tumetandika mikeka tangu jana. Watu wanakuja. Sasa naweza kulia kama mke wa mtu, siyo kama mwanamke aliyeachwa, na kwa hilo tu nimekubali kukuandikia.

Dada yule wa Kibirizi amekuja leo asubuhi kwa miguu yake. Amekaa pale mlangoni, na hakuna aliyemfukuza.

Uje na wewe, na uje na Meshack na Feliksi. Msiogope, shemeji zangu wameapa mbele ya padri kwamba hakuna atakayewagusa. Hatuna mwili wa kuzika, wala nguo, wala hata randa yake. Kilichobaki kwake ni yale maneno, na mnayo ninyi watatu. Mama yake anataka ayasikie kwa mdomo wa aliyeyasikia. Anauliza sauti ilikuwa bado ina nguvu, au ilikuwa imeshachoka.

Marcelina